Siklidi wa makombe wa Ziwa Tanganyika: uzoefu wangu wa kuwafuga Dar

Mwenye nafasi ya tangi la lita 60 tu sebuleni, ushauri wangu ni mmoja: chukua multi, yaani Neolamprologus multifasciatus, samaki mdogo wa jamii ya siklidi anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono. Dume akikua sana hufika kama sentimita 4 au 5, jike ni mdogo zaidi, lakini ukiingiza mkono kusafisha kioo anakuja kuufukuza. Siku nzima wanachota mchanga kwa mdomo na kuutema mbali na mlango wa kombe. Jike hutaga ndani ya kombe lake, na vitoto vikianza kutoka huzubaa pale mlangoni, tayari kurudi ndani kivuli kikipita. Wakubwa hawavisumbui. Ukoo unakua humo humo, kila mmoja na nyumba yake, na mimi sijachoka kuwatazama.

Malalamiko yangu ni kwa duka. Tangini waliandika "multi" kwa wote, na wakiwa wadogo, wamepauka kwa safari, nami niliamini. Walipotulia na rangi kurudi, baadhi wakaonekana ni similis, aina nyingine inayofanana sana na multi. Angalia kichwa: michirizi ya multi inakoma nyuma ya shavu, ya similis inaendelea mpaka usawa wa jicho. Kwa kuwa sikutaka damu zichanganyike, ilibidi niwatenganishe.

Kati ya aina nyingine za siklidi wa makombe, ocellatus humkosei: ana doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu kwenye shavu, mwili mnene, hasira nyingi, na hufukia kombe lake mchangani ukabaki mdomo wa kombe tu. Brevis jozi nzima hulala kombe moja. Wa kuogopa ni callipterus. Jike wake anaingia kombeni vizuri, ila dume hukua mara nyingi zaidi ya jike, hubeba makombe kwa mdomo na kuyarundika kwake. Tangi dogo si lake kabisa.

Maji wanayapenda magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 8 na 9. Ili yabaki hivyo, mimi nimeweka kokoto za jiwe la matumbawe, lile la kujengea, nikalichemsha kwanza. Mchanga laini sentimita 5 au zaidi, la sivyo hawana pa kuchimba. Kule ziwani wanakaa kwenye makombe matupu ya konokono Neothauma. Hapa natumia ya konokono wa shambani, madogo, yaliyochemshwa na kusuguliwa, na daima yawe mengi kuliko samaki.

Joto la Dar ndilo shida kubwa. Wanataka nyuzi 24 hadi 27, na Januari maji ya tangini hupita hapo kwa urahisi. Hita sina. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inayapoza, ila lazima ujazie yanayopungua, na pampu ya hewa isizimwe.

Samaki wenyewe nawapa nyota tano, duka tatu, maana angalau lilikubali kuwapokea similis. Kuwatoa usihangaike na wavu: inua kombe taratibu, mdomo ukielekea chini juu ya beseni lenye maji ya tangi, usilitikise. Maji yakishuka, samaki anateremka nayo.