Goodyear Endurance ST225/75R15: tairi zuri la karavani, lakini kagua rimu na valvu kwanza

Tairi la karavani, yaani nyumba ya kukokotwa na gari, ni nadra kufa kwa kuisha kashata. Huuawa na joto, uzee na kukokotwa kiubavu kwenye kona, na siku linapopasuka bado linaonekana jipya. Kwa hiyo Endurance, iliyoingia sokoni mwaka 2017, tunaipima kwa maandishi ya ubavuni kabla ya kutazama kashata zake.

Herufi ST zinaonyesha kuwa ni tairi la trela: mbavu zake zimekazwa ili mzigo usiyumbe. Katika saizi hii, tairi la daraja D (herufi ya uwezo wa kubeba; E iko juu ya D) hubeba kilo 1,152 likijazwa upepo psi 65. Endurance ni daraja E: kilo 1,284 kwa psi 80. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Karavani ikiwa na maji, gesi na mizigo yote, pima kila gurudumu peke yake, maana upande wenye jiko na friji huwa mzito kuliko mwingine. Gurudumu likisoma kilo 1,100, tairi la D limebakiwa na kilo 52 tu; E limebakiwa na 184. Upepo ukipungua kidogo, uwezo wa tairi unashuka na zile 52 zimekwisha. Ubavu unaanza kujikunja kila mzunguko, mpira unachemka, mikanda ya chuma inaachana na mpira, kisha kashata zinachanika na kuipiga madigadi hadi kuing'oa.

Herufi ya mwendo ni N, yaani kilomita 140 kwa saa, wakati matairi mengi ya trela yana L (120) au M (130). Hakuna anayepaswa kuvuta karavani kwa kasi hiyo. Faida ya N ni kwamba tairi limejengwa kustahimili joto zaidi, na kwa safari ndefu za jua kali hilo tunalithamini sana.

Sasa kasoro, na hapa wengi hukosea. Psi 80 haiwezi kuwekwa kwenye rimu yoyote. Kiwango cha juu cha rimu mara nyingi kimegongwa upande wa nyuma. Kikiwa psi 65, hilo tairi halitakupa kilo zake zote 1,284. Valvu za mpira za kawaida nazo nyingi mwisho wake ni psi 65, hivyo mwambie fundi aweke za chuma, zote mpya. Pia tairi la E likijaa upepo ni gumu, na makabati ya ndani yatatikisika zaidi. Kama gurudumu lako zito halizidi kilo 950, D nzuri inakutosha.

Usilipe kabla ya kusoma tarehe. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT iliyogongwa ubavuni mwa tairi: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Usipoziona upande wa nje, chungulia upande wa pili. Tairi lililokaa dukani miaka miwili tunalirudisha, kwa sababu mpira unazeeka hata bila kutembea. Ukishafika mwaka wa tano anza kutafuta mengine.

Wakati wa kufunga, jeki ikae kwenye fremu. Ikiinua kwa ekseli inaweza kuipinda, na tairi jipya litaliwa upande mmoja. Bolti za nusu inchi hukazwa kati ya Nm 120 na 160, kwa awamu tatu, ukiruka kutoka nati moja hadi inayoitazama. Fuata kitabu cha trela kikisema tofauti. Kaza tena baada ya kilomita 15, 40 na 80, hasa kwenye rimu za alumini, maana nati hulegea rimu ikijikalisha.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, na usiupunguze njiani hata geji ikipanda. Kila baada ya safari pitisha kiganja juu ya kashata, tairi zima. Ukigusa kinundu, mikanda imeanza kuachana: funga la akiba, ambalo nalo liwe E na lenye valvu ya chuma.