Boti Naivasha: nililipia furukombe, bata ndio wakanionyesha kazi

Nimetoka Naivasha jana na naandika hii mapema kabla hasira ya laifujaketi haijapoa, manake niliyopewa zipu yake ilikuwa imekufa nikafungwa na kamba ya sisal kama mzigo wa makaa, na ziwa lenyewe limejaa viboko. Kampuni siitaji, wako upande wa South Lake na wengine kibao, bei zao zinakaribiana na ukibonga vizuri wanashuka.

Shoo wanayokuuzia ni ya furukombe, yule tai mla samaki. Kepteni anatoa samaki mdogo, anamchomeka kipande cha funjo ili asizame, anapiga mluzi, anarusha, na tai anashuka kutoka juu ya mti anambeba mbele ya simu yako. Mara ya kwanza unapiga nduru. Mara ya tatu unaona ni kama kulisha kuku.

Sasa mimi kilichonilipa pesa yangu hakikuwa kwenye bei. Unajua ile migunga iliyokufa maji yalipopanda, imesimama mle ziwani mikavu mitupu? Juu ya mmoja uliokatika kichwa walikuwa bata bukini wawili, wale wanaitwa wa Misri, wenye baka la kahawia jichoni kama mtu ametoka kupigwa ngumi. Furukombe wetu akaja na samaki wake akatua tawi la karibu, ale zake polepole. Weh! Jike akaanza makelele, dume akainamisha shingo, akapanua mabawa mpaka meupe yote yakaonekana, anafoka kama tairi inatoa upepo, halafu akaruka akamgonga tai mgongoni, paa! Samaki huyo majini, tai akahamia mti wa mbali akaanza kujipanga manyoya kama mtu ambaye alikuwa anaenda hata hivyo.

Na bata huyo ana kilo 2 hivi, furukombe jike anapita 3. Lakini ana sababu. Hawa bata hutaga hata juu ya miti, kwenye mapango ya miti na viota vya ndege wengine, kile kikubwa cha ndege fundichuma wanakipenda sana, na kule Cape Town wanawanyang'anya hata vipanga weusi viota vyao. Furukombe naye si mtakatifu, samaki ni chakula chake lakini vifaranga vya ndege wa majini anabeba, na kule Ziwa Bogoria anakula hata flamingo wakubwa. Kwa hivyo ukimwona ametua karibu na kiota chako humngoji akueleze shida yake.

Nikamuuliza kepteni kama ni kawaida, akasema "hao ni bata tu madam" akawasha injini. Hapo ndipo nyota mbili zilipotea kwenye alama ninazowapa. Mtu yuko kwenye maji kila siku na hajui ameketi juu ya shoo kali kuliko ile ya samaki wa kurushwa!

Ukienda, nenda asubuhi, samaki wa pili mkatae, mwambie azime injini karibu na ile miti mikavu na mnyamaze. Mimi ilibidi nimrudishe na akadai pesa ya lisaa lingine, nikatoa huku nanuna. Dume hakutoka pale juu hata kidogo, na furukombe alipita mara mbili, akaangalia chini, akaenda zake.