Oili ya giaboksi ya otomatiki: ipi ya kwanza kununua, ipi ya kuiacha dukani

Ukipeleka gari gereji kumwaga oili ya giaboksi, mara nyingi fundi atakuuliza, "Bosi, tuweke ya bei gani?" Usilijibu swali hilo. Mwambie aina ya oili ambayo giaboksi yako ilitengenezewa, bei mtaizungumza baadaye.

Aina hiyo unaitafuta kabla hujaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kariakoo kama uko Dar, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi. Fungua boneti, vuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kifute kwa kitambaa kisafi, usome maandishi yaliyogongwa juu yake. Kwenye Toyota nyingi utakuta T-IV au WS. IST ya kwanza, NCP60, inatumia T-IV. Mark X iliyoanza mwaka 2004 inatumia WS. Nissan X-Trail ya toleo la T31 yenye CVT (giaboksi ya mkanda na puli) inataka NS-2, na T32 iliyoifuata inataka NS-3. Kama gari halina kijiti, angalia kitabu chake, au mpe muuza spea namba ya chasisi akutafutie. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota wenyewe wanasema hazibadilishani. Wekundu wa oili usikudanganye: ni rangi iliyotiwa ili oili ikivuja ionekane, haikwambii chochote kuhusu aina.

Kwenye CVT ndiko watu wanakopoteza hela nyingi. Giaboksi hii haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake inalainisha, na wakati huohuo inahakikisha mkanda unang'ang'ania puli bila kuteleza. Ukimimina oili ya otomatiki ya kawaida humo, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na vumbi la chuma linasambaa mpaka kwenye valvu. Hata ukiimwaga kesho yake, mikwaruzo imeshabaki. Fundi akikwambia "hizi zote ni haidroliki tu, hazina tofauti", chukua ufunguo wako uondoke.

Sasa nikipanga kwa nilivyoona mimi, namba moja ni oili yenye jina la kampuni iliyotengeneza gari, yenye herufi zilezile ulizosoma kwenye kijiti. Toyota, Nissan na Honda zote zinauza za kwao, na zile za Japani huja sana kwenye makopo ya bati ya lita 4. Shida yake moja ni kwamba zinaigizwa. Kagua mfuniko na lakiri yake, tafuta namba ya toleo iliyopigwa kwenye kopo, na nunua kwa muuzaji anayekupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuombwa. Ukimaliza, toboa kopo tupu kabla ya kulitupa, lisije likajazwa likauziwa jirani yako.

Namba mbili, na kwa mwenye Toyota iko karibu sana na namba moja, ni Aisin na Idemitsu, kampuni ya mafuta ya Japani. Aisin ndiyo inayotengeneza giaboksi nyingi za Toyota, kwa hiyo oili yake si ya kubahatisha. Kati ya kopo la Aisin ninaloliamini na kopo la "jenuini" kutoka kwa muuzaji nisiyemjua, nachukua Aisin bila kusita.

Namba tatu ni oili za kampuni kubwa zinazofaa magari ya aina nyingi, kama Castrol Transmax au Liqui Moly Top Tec. Ni nzuri, ila majina yao yanabeba oili kadhaa tofauti ndani yake. Geuza kopo usome nyuma. Herufi za gari lako zisipokuwepo kwenye orodha, rudisha.

Namba nne ni Dexron III ya vituo vya mafuta. GM (General Motors, wenye jina la Dexron) waliacha kutoa leseni za jina hilo mwishoni mwa 2006, hivyo siku hizi ubora unategemea aliyeitengeneza tu. Inafaa gari la zamani lililoandikiwa Dexron II au III, na usukani wa haidroliki ulioandikiwa hivyo. Basi.

Ya kupimwa kwa lita kutoka kwenye pipa lisilo na lebo siipi namba yoyote.

Kuhusu kiasi: ukifungua nati ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, kwa kawaida hutoka lita 3 au 4 tu, nyingine hubaki kwenye konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Kopo moja la lita 4 mara nyingi linatosha kwa awamu moja. Gari lililokaa miaka bila kubadilishiwa, mimi ningemwaga na kujaza, nitembee kilomita elfu moja hivi, nirudie, kuliko kulisukumia oili kwa mashine mara moja. Sampo ikishushwa, omba uone sumaku zilizo ndani yake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole, usinunue oili ya ghali kwanza; giaboksi inahitaji kufunguliwa.

Kwa foleni na joto la Dar, kilomita 40,000 ndicho kipimo ninachokishauri, hata kama kitabu kinasema oili ni ya maisha. Na giaboksi za WS zisizo na kijiti hupimwa kwa nati ya kufurikia, ambayo ikifunguliwa oili iliyozidi hutoka, injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye nyuzijoto zilizotajwa, kwa nyingi ni kati ya 35 na 45. Muulize fundi atapimaje joto hilo. Asipokuwa na kifaa cha kulisomea, mtafute mwingine kabla hujafungua kopo.