Lenzi moja jicho la kushoto: uzoefu wangu wa monovisheni

Kwa wenzangu mliokwisha pita arubaini na simu mnaisoma mkono umenyooka mpaka mwisho, mie miwani ya kusomea nimeiweka kabatini nimehamia hii wanayoiita monovisheni. Mbali naona vizuri, tabu yangu ilikuwa karibu, kwa hiyo nimewekewa lenzi moja tu, ile ya kuvaa juu ya jicho lenyewe, jicho la kushoto, namba +1.50, la kulia limeachwa lilivyo. La kushoto linasoma, la kulia linatazama mbali, ubongo wenyewe ndo unachagua.

Jicho lipi liwe la mbali hawabahatishi. Mpimaji kanambia niunganishe viganja nibakishe kitundu, niitazame saa ya ukutani kupitia hapo, halafu nifumbe jicho moja moja. Nikifumba la kulia saa inapotea, basi hilo ndo lenye nguvu, ndo linaloachiwa mbali.

Wiki za mwanzo wallahi tabu, kichwa kizito, upande mmoja kama kuna ukungu na umbali hukadirii sawasawa, unamimina chai inaangukia kwenye kisahani, na zile ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zilivyosimama nilikuwa nateremka nimeshika ukuta kama mzee. Usifumbe jicho moja kulinganisha na la pili, ukianza mchezo huo hutozoea kabisa. Ikaja ikatulia yenyewe, sasa nasahihisha madaftari huku namuona aliekaa benchi la nyuma anavyomchokoza mwenzake.

Usiku ndo sijaipenda. Taa za magari zinatawanyika, na mie naendesha vespa njia ya Bububu, kwa hiyo nikitaka kutoka baada ya Isha naitoa lenzi kabla sijawasha. Wapo wanaotengenezewa miwani ya kuvaa juu yake ya kuendeshea.

Udhu unatawadha kama kawaida ila macho fumba barabara, maji ya bomba na lenzi havipatani, kuna vijidudu vinaweza kuharibu kioo cha jicho. Ukenda kuogelea pwani itoe. Kuioshea ni dawa yake tu.

Kuna na operesheni ya leza ya kuyafanya macho hivi moja kwa moja, lakini hata hao huambiwa wajaribu lenzi kwanza, na mie sina haraka, macho ya karibu yanazidi kupungua kila umri ukienda na lenzi nabadilisha namba tu. Jirani yangu anaeshona kofia za viua kajaribu akaachana nayo, vitundu vile vinataka macho yote mawili.