Samatta au Olunga: njia ipi bora kwa straika kinda?

Wadau, Mbwana Samatta wa Tanzania na Michael Olunga wa Kenya wote wametoka kwetu Afrika Mashariki na wote wametoboa, ila njia zao tofauti kabisa. Samatta alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo akiwa bado dogo, akakaa pale Lubumbashi karibu miaka mitano, na watu walikuwa wanalalamika kwamba anachelewa Ulaya! Mi naona ndo palipomjenga, kwa sababu kule alikuwa anacheza Ligi ya Mabingwa Afrika, mabeki wanamkaba kwa nguvu hasa, mashabiki wanataka kombe sio stori, afu 2015 akabeba kombe lenyewe na kufunga kwenye fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 anatua Genk ya Ubelgiji ni straika aliyeiva, sio wa kwenda kujaribiwa.

Olunga yeye alikuwa moto Gor Mahia, mabao 19 msimu wa 2015 timu ikibeba ligi bila kufungwa, akaruka moja kwa moja Djurgården ya Sweden. Akafunga 12 fresh tu, ila baada ya hapo China, afu Girona ya Hispania kwa mkopo. Hat-trick dhidi ya Las Palmas tunaikumbuka lakini muda mwingi alikuwa benchi, na straika asiyecheza anapoteza makali.

Mi dogo wangu ningempeleka Mazembe kwanza. Olunga mwenyewe moto wake wa kweli uliwaka Kashiwa Reysol, mabao 28 ligi kuu Japani 2020, pale alipopewa dakika.