VirtualBox kama karantini ya virusi: nimeitumia miaka mitatu kwenye kibanda changu

Mimi ni fundi wa kompyuta Kariakoo, na flashi za wateja ndizo zinazonipa kazi kubwa. Mtu anakuja, "Fundi, faili zangu zote zimegeuka shotikati," nami lazima nijue kilichomo kabla sijagusa laptop yake. Kwa hilo natumia VirtualBox ya Oracle, programu ya bure inayoendesha kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta halisi, juu ya Ubuntu, aina ya Linux, kwenye laptop ya RAM GB 8. Mashine pepe ya Windows naipa GB 4, inatosha.

Kinachonifanya nisiiache ni snapshoti. Naweka Windows safi, nahifadhi hali yake, kisha namwachia kirusi uwanja: afute, afunge faili zisifunguke tena, ajipachike kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Nikishaona nilichotaka naizima na kuirudisha ilivyokuwa, muda mfupi tu.

Lakini ukiiacha kama ilivyokuja, hiyo si karantini. Mtandao wake wa kawaida ni NAT, yaani mashine pepe inapita kwenye mtandao wa laptop yenyewe, kwa hiyo kilicho ndani kinatoka hadi intaneti na kinaweza kuzifikia kompyuta nyingine za dukani. Kwa kirusi kama WannaCry, aliyesambaa Mei 2017 kwa kurukia mashine baada ya mashine kupitia huduma ya Windows ya kushirikiana faili, huo ni mlango wazi. Mimi nachagua mtandao wa ndani, unaounganisha mashine pepe zenyewe tu, na upande wa pili naweka mashine pepe ya REMnux, Linux ya kuchunguzia virusi, inayojifanya intaneti kwa programu ya INetSim. Kirusi anaulizia anwani, anajibiwa uongo, nami nasoma alikuwa anamtafuta nani.

Folda ya pamoja, inayoonekana kwenye laptop na ndani ya mashine pepe, ndiyo iliyoniumiza. Mwaka jana niliifungua nihamishe faili moja, nikasahau kuifunga. Kesho yake nikajaribu ankara bandia ambayo mteja alitumiwa kwa barua pepe. Kwa Windows ile folda ni diski kama diski nyingine, na kila kilichokuwamo kikafungwa: picha za harusi za mama mmoja wa Buguruni, zinasubiri kuwekwa kwenye flashi. Kadi ya kamera alikuwa nayo bado, nikazinakili upya bila malipo, lakini uso wake siku ile sijausahau. Sasa folda ya pamoja haipo kabisa, wala kunakili na kubandika kati ya laptop na mashine pepe. Faili naliweka ndani ya ISO, faili linaloiga CD, naliingiza kama CD. Mashine inasoma, haina pa kuandika.

Flopi ya kuigiza ya mashine pepe nayo naiondoa. Mwaka 2015 lilipatikana tundu la usalama lililoitwa VENOM, ambalo lingeweza kumtoa kirusi nje ya mashine pepe, kwenye msimbo unaoiga kidhibiti cha flopi, kifaa ambacho hakuna anayekitumia tena. Toleo jipya la VirtualBox likitoka naliweka siku hiyohiyo.

Udhaifu mmoja sijaumaliza: virusi wengine hukagua namba ya kadi ya mtandao. Wakiona inaanza na 08:00:27 wanajua wako ndani ya VirtualBox, wanatulia kama wageni wastaarabu. Namba hiyo naibadilisha kwenye mipangilio, ila zipo dalili nyingine.

Kuhusu bei, programu yenyewe ni bure hata kwa biashara. Ile nyongeza inayopakuliwa kando, Extension Pack, ni ya bure kwa matumizi binafsi na masomo tu. Mimi nafanya biashara, sikuipakua, na kwa kazi hii sijawahi kuihitaji.