Miwani ya mtandaoni: fremu safi, lenzi za kuumiza kichwa

Nianze na jibu la huduma kwa wateja, maana limenichefua kuliko miwani yenyewe: “Vaa tu, macho yatazoea.” Yazoee nini? Namba mpya, sawa, huzoeleka. Lenzi ambayo kitovu chake, pale mwanga unapopita bila kupinda, kimewekwa pasipo pake ni kosa la karakana, na huo mzigo sio wa macho yangu.

Kwenye fomu nilijaza umbali kati ya mboni, ile PD, milimita 58. Lenzi zimekuja na vitovu vilivyoachana milimita 64. Kujua hilo hakuhitaji mashine. Shika miwani mbali kidogo na uso, fumba jicho moja, tazama ukingo wa mlango uliosimama wima kupitia lenzi moja. Isogeze kushoto na kulia mpaka kipande cha ukingo kilicho ndani ya lenzi kiungane na kile kinachoonekana juu na chini ya fremu. Hapo tia nukta kwa makapeni. Rudia lenzi ya pili, kisha pima kwa rula nukta hadi nukta. Kama una silinda kubwa, ile namba ya jicho lisilo duara sawasawa, yenye mhimili wa mshazari, ukingo utaonekana umelala upande na kipimo kitayumba, kwa hiyo huko usibishane na mtu kwa milimita moja. Mimi sina silinda, na hapa sibishanii moja, nabishania sita.

Picha ya miwani juu ya rula niliwatumia. Jibu ndilo hilo, na kialama cha tabasamu juu.

Sasa hesabu, kwa faida ya aliyeandika “yatazoea”. Kila lenzi imekosea milimita 3, yaani sentimita 0.3. Zidisha kwa nguvu ya lenzi, kwangu −5.50, unapata prizimu, yaani kipimo cha jinsi lenzi inavyoihamisha picha, 1.65 kwa kila jicho, 3.3 kwa yote mawili. Tena kwa lenzi za minasi, za wasioona mbali kama mimi, vitovu vikiwa nje ya mboni, macho yanalazimika kutanuka kwenda nje ili picha mbili ziwe moja. Kuja ndani yanaweza sana, ndiyo kazi yake kila ukisoma. Kwenda nje uwezo wake ni mdogo mno. Matokeo ni paji la uso kubana, na jioni mistari ya maandishi kuanza kuachana.

Mwenye −1.00 akipewa kosa lilelile anapata prizimu 0.6 kwa macho yote mawili na huenda asijue kabisa. Nashuku ndiyo maana duka limejaa nyota tano.

Fremu, haki yake, ni nzuri. Bawaba hazichezi, vipedi vya puani vimekaa sawa, na mpako wa kuzuia mng'ao hauna hata doa. Niliagiza 46-20-140: upana wa lenzi, daraja la puani, urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza upate 66, toa PD ya 58, inabaki 8, yaani kila kitovu kinasogezwa milimita 4 kuelekea puani. Ukichukua 54-18 kwa PD hiyohiyo, kinasogezwa 7, na upande wa sikio unabaki na ukingo mnene hata ulipie lenzi gani. Tovuti hilo haikuambii. Inakusukumia indeksi (uwezo wa malighafi ya lenzi kupinda mwanga; ikiwa juu, lenzi huwa nyembamba) ya 1.74, wakati fremu ndogo ya duara yenye 1.60 inaweza kutoka nyembamba kuliko fremu pana yenye 1.67. Indeksi hizo za juu, na polikaboneti pia, hutawanya rangi zaidi: ukitazama taa kupitia pembeni ya lenzi unaona ukungu wa buluu na njano.

Lenzi za progresivu, zile za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, kwao msiguse. Hizo hutaka na kimo cha mboni, kipimwe fremu ikiwa tayari usoni, na fomu yao haina hata pa kukiandika.

Nilikuwa nimeandika nyota mbili. Nikiishika fremu naona nimewaonea, ni tatu. Mwenye namba ndogo isiyo na silinda anunue tu, ila PD aiandike kwa kila jicho, mfano 29 na 29, na apige picha ya skrini ya fomu kabla ya kulipa, maana ile risiti yao haionyeshi PD kabisa. Hapo nimekumbuka tena lile tabasamu. Nyota moja. Wakitengeneza upya na vitovu vikasoma 58, nitarudi kuongeza mbili za fremu. Ya huduma kwa wateja hawaipati.